Redio, Simu na Kompyuta katika Maoni ya Watu: Mfano wa Bonga, Babati

Historia ya vyombo huandikwa mara nyingi kwa kuwafuata waliovibuni, au walioviingiza nchini, au waliotunga sheria za kuvitawala. Ni mara chache kuandikwa kwa kuwafuata walionunua, wakatumia, wakaharibikiwa, wakapeleka kwa fundi. Watu hawa nao wana maoni. Maoni yao husemwa bila maandalizi, barazani, dukani na safarini, na aghalabu hufa siku ile ile yalipozaliwa. Hata hivyo mna hukumu ndani yake, na hukumu iliyotolewa na watu wengi kwa fedha zao wenyewe haifai kudharauliwa na mwanahistoria. Insha hii yajaribu kuyachukua maoni hayo kuwa ushahidi, kwa kuitazama Bonga na nchi inayoizunguka. Dai langu ni kwamba tangu enzi ya redio hadi leo, swali lililo chini ya maoni yote ni moja: je, chombo hiki chafunguka, na mwenye haki ya kukifungua ni nani?

Bonga ni kata ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Iko kusini ya mji, kwenye njia kuu ya kwenda Kondoa na Dodoma, ile ambayo Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini katika ndoto yao ya kuunganisha Cape Town na Cairo. Njia hiyo ilipotiwa lami, jina la Bonga liliingia katika mikataba ya ujenzi: kipande cha Mela hadi Bonga, kilomita 88.8, na kipande cha Bonga hadi Babati, kilomita zipatazo 19. Rais John Magufuli aliizindua barabara yote, Dodoma hadi Babati, mwezi wa Aprili 2018. Wakulima wa huko hulima mahindi na mbaazi, na ufugaji ni kazi ya wengi.

Kwa mtu wa lugha, nchi hii ina ajabu yake. Wagorowa na Wairaqw husema lugha za Kikushi, Warangi husema lugha ya Kibantu, Wabarbaig husema lugha ya Kinilo, na si mbali sana wako Wasandawe na Wahadza wenye lugha za vidoko. Ni mahali pachache Afrika ambapo jamaa nyingi za lugha namna hii zakaribiana hivi. Basi mtu wa huku akitaka kusifu au kulaumu chombo mbele ya mnunuzi wa kabila lingine, hapana budi aseme Kiswahili. Maoni juu ya vyombo yamekuwa ya Kiswahili kwa lazima ya soko, wala si kwa amri ya serikali.

Desturi ya kukihukumu kitu kwa asili yake ni ya zamani kuliko umeme. Katika karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts, walileta Unguja nguo ya pamba isiyotiwa rangi, na misafara ikaichukua hadi bara. Watu wakaiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikatiza biashara hiyo, na nguo za nchi nyingine zikaingia mahali pake. Baadaye Wajapani waliuza nguo ya namna hiyo kwa bei nafuu. Jina halikubadilika. Hapa twaona jambo litakalorudi mara kwa mara: mnunuzi hushika jina la muuzaji wa kwanza, naye muuzaji hubadilika nyuma ya jina.

Redio ilifuata njia hiyo hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza matangazo yake mwaka 1951; mwaka 1956 likaanzishwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Lakini matangazo si kitu pasipo chombo cha kupokelea, na mahali pasipo nyaya za umeme chombo hicho kilikuwa redio ya transista yenye betri kavu. Kampuni ya Matsushita ya Japani iliweka kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na jina lake la biashara, National, likawa kwa watu wengi jina la redio yenyewe. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi na kujadiliana juu ya maji, vyoo na malaria. Sidhani kama kuna chombo kingine cha viwanda kilichopata kutumiwa na watu wengi hivyo kwa pamoja katika nchi hii kabla ya simu.

Maoni ya watu juu ya redio yalikuwa ya vitendo. Redio njema ni ile ishikayo mawimbi usiku, isiyokula betri, na isiyoumia ikianguka. Betri zilizochoka zilianikwa juani ili zitoe nguvu kidogo ya mwisho. Jambo kubwa zaidi halikusemwa, kwa sababu kila mtu alilichukulia kuwa kawaida: redio ilifunguka. Nyuma yake palikuwa na skrubu chache. Fundi mwenye bisibisi na chuma cha kulehemia aliweza kuiona mifupa yake yote, akabadili waya au kipaza sauti, akaifunga tena. Hakuomba ruhusa kwa Wajapani. Maneno yaliyotoka ndani ya redio yalikuwa ya serikali, lakini sanduku lenyewe lilikuwa la mwenyewe.

Kompyuta haikuingia kwa mlango huo. Haikununuliwa na mkulima wala mwalimu, bali na dola. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Jina hilo lilikuwa la kampuni ya Kiingereza, lakini mashine ilikuwa ya RCA ya Marekani, iliyojulikana kwao kama RCA 301. Mambo ya merikani yalijirudia kinyume chake: safari hii jina lilikuwa la Mwingereza na mwili wa Mmarekani. Mpango wa kuzitia hesabu za serikali katika kompyuta ulileta hasara kubwa, kwa kuwa wenyeji wenye ujuzi walikuwa wachache na kazi iliwategemea wageni. Mwaka 1974, kompyuta za nchi nzima zikiwa bado hazijafika kumi, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vyombo vinavyofuatana nazo. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Wanafunzi wa leo hulicheka jambo hili, wakaliweka pamoja na habari ya televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973 na bara ikaingojea hadi 1994. Yafaa tusicheke upesi. Waliopiga marufuku waliuliza swali la haki: kwa nini tununue kwa fedha za kigeni kitu tusichoweza kukiendesha wala kukitengeneza? Kosa lilikuwa katika jibu. Walipoufunga mlango kwa mashine, waliufunga pia kwa fundi wa mashine, maana ufundi haupatikani kwa kukitazama kitu kutoka mbali. Katika miaka ile ile vijana wa Uingereza na Marekani walikuwa wakiunganisha kompyuta ndogo mezani kwao kama vile vijana wetu walivyofungua redio. Tukapoteza kizazi kimoja cha mafundi.

Simu ya mkononi ndiyo iliyorudisha chombo mikononi mwa mtu binafsi. Kampuni ya Mobitel ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1994, Vodacom ikafuata mwaka 2000, na kwa miaka michache iliyofuata minara ilipanda vilimani hadi nchi ya Babati. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ya Ufini ilitoa simu ya 1100, yenye tochi kichwani na mfuniko wa kuzuia vumbi juu ya vitufe. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kwetu simu za namna hiyo zikaitwa vitochi, na maoni juu yao yalikuwa karibu ya sauti moja: zakaa na chaji, zaanguka zisife, na kila fundi ana vipuri vyake. Mwaka 2008 Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya, kitochi kikawa pia mkoba wa fedha.

Kisha zikaja simu zilizoitwa kwa dharau Mchina: zenye laini mbili, sauti kubwa na bei ndogo. Wasemaji walizigawa simu zote katika mafungu mawili, orijino na feki. Lakini mgawanyo huo haukusimama. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, mwenye majina ya Tecno, Itel na Infinix, ilianza mwaka 2006 na kuilenga Afrika kuwa soko lake la kwanza. Ilitia laini mbili kwa sababu mtandao mmoja haushiki kila mahali. Ilitia betri kubwa kwa sababu umeme hukatika. Ilirekebisha kamera ipate kuonyesha vizuri nyuso nyeusi. Kampuni kubwa za zamani zingeweza kuyafanya haya, hazikuyafanya. Leo Tecno husifiwa kwa maneno yale yale ambayo zamani yalisifu National. Tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu zote zenye namba bandia za utambulisho. Watu wengi walibonyeza *#06# kwa hofu kuitazama namba ya simu yao, na wengine waliamka wakiwa na kipande cha plastiki. Hapo palionekana tofauti ya chombo kipya na redio ya zamani. Redio feki, madhali ilisikika, hakuna aliyeweza kuizima kutoka Dar es Salaam.

Nimefika kwenye programu, yaani yale maagizo yasiyoonekana yanayokifanya chombo kiwe kile kilivyo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mpango wa kuunda programu ambazo kila mtu angekuwa na uhuru wa kuzitumia, kuzichungua, kuzigawa na kuzirekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kilichoitwa Linux, na baada ya muda mfupi akakiweka chini ya leseni ya uhuru ule. Kwa Kiswahili tumeziita programu huria.

Mkulima wa Babati hahitaji maelezo marefu juu ya tofauti iliyopo. Mbaazi aliyovuna aweza kuitenga mbegu, akaipanda mwaka ujao, akampa jirani, akachagua iliyo njema zaidi. Mahindi chotara humpa mavuno makubwa, lakini mbegu aliyoitenga humwangusha msimu wa pili, na hapana budi arudi dukani. Programu huria ni mbegu ya akiba. Programu ya kampuni ni mbegu ya dukani. Hakuna mkulima mwenye akili anayeitukana mbegu ya dukani, maana yaweza kumlisha vizuri. Lakini hakuna pia asiyejua kwamba mwenye mbegu ya dukani tu yuko chini ya mamlaka ya mwenye duka. Watu wa huko waliionja mamlaka ya mbali mwaka 2017, India ilipozuia mbaazi kwa kuweka kiwango, bei ikaanguka shambani.

Neno huria lenyewe lina historia ya kutazamwa. Katika miaka ya mageuzi tulilisikia katika soko huria, na humo uhuru ulikuwa wa muuzaji. Mwaka 1992 likaingia katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na humo uhuru ni wa mwanafunzi. Katika programu huria uhuru ni wa mtumiaji. Neno moja limebeba mizigo mitatu, wala si ajabu watu wengi wakilisikia huelewa maana ya nne, yaani bure. Kosa hili si dogo. Kitu cha bure hakina deni, lakini kitu huria kina wajibu: anayeruhusiwa kukifungua apaswa awe na mtu wa kukifungua.

Hapa ndipo pa kulitaja jaribio kubwa kuliko yote katika habari hizi. Mnamo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT +46 ya Uswidi, kiliendesha mradi wa KiLinux wa kuzitia programu huria katika Kiswahili. Desemba mwaka ule ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu, iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Katikati ya mwaka huo huo Microsoft nayo ilikuwa imetangaza nia ya kuzitia programu zake katika Kiswahili. Kwa mara ya kwanza lugha yetu iligombewa na pande mbili katika uwanja wa mashine. Upande mmoja ulikuwa na fedha na jina. Upande mwingine ulikuwa na jambo ambalo fedha haikulitoa: mwanafunzi wa Dar es Salaam aliweza kulifuta neno asilolipenda ndani ya programu na kutia jingine, bila kumwandikia mtu barua.

Kazi ya kuchagua maneno ilikuwa kazi ya historia pia. Chukua neno hifadhi. Kwa mtu wa Babati humkumbusha kwanza Tarangire, hifadhi ya taifa iliyo jirani tangu 1970, mahali ambapo kuingia ni kwa ruhusa. Katika kompyuta neno hilo lamwambia aiweke salama kazi yake mwenyewe. Au tazama jina la chombo chenyewe: Watanzania wengi wamebaki na kompyuta, Kenya wengine hupendelea tarakilishi. Soko nalo halikungoja. Liliipa simu isiyo na vitufe jina la simu ya kupangusa, kwa sababu kidole kinapita juu ya kioo kama kitambaa kipitavyo juu ya meza. Jina hilo halikutoka kamatini, na hakuna aliyehitaji kufundishwa maana yake.

Mbona basi Jambo OpenOffice haikuenea? Naona sababu tatu. Ya kwanza, kompyuta zilifika zikiwa na Windows ndani yake, mara nyingi nakala isiyolipiwa, na mtu aliyepata mbegu ya dukani kwa wizi haoni haja ya mbegu ya akiba. Ya pili, somo la kompyuta lilifundishwa kwa Kiingereza, na aliyejifunza amri kwa Kiingereza aliziona za Kiswahili kuwa ngeni, ijapokuwa ni lugha anayoiota usiku. Ya tatu ndiyo nzito. Maneno yaliandaliwa na wataalamu, yakapelekwa kwa watumiaji. Hayakupata muda wa kutosha wa kubishaniwa mitaani. Kiswahili hukubali neno baada ya kulitania.

Lakini haifai kulihesabu jambo lile kuwa kushindwa. OpenOffice ilitokana na StarOffice, programu ya kampuni ya Kijerumani iliyonunuliwa na Sun ya Marekani mwaka 1999, na mwaka 2000 Sun ikaifungua kwa watu wote. Mwaka 2010 Sun yenyewe ilimezwa na Oracle. Wafanyakazi wa programu ile hawakungoja hatima. Waliichukua mbegu wakaipanda upya kwa jina la LibreOffice, nayo yaendelea hadi leo. Kampuni ilikufa, kazi ikaishi. Linganisha na Nokia, iliyosifiwa kuwa haifi: biashara yake ya simu iliuzwa kwa Microsoft mwaka 2014, na mfumo wake wa simu kubwa, Symbian, ulikuwa umekwisha kuachwa. Simu ilistahimili kuanguka chini, kampuni haikustahimili.

Kuna kinyume kingine ambacho waandishi wa KiLinux huenda hawakukitazamia. Linux waliyotaka kuiweka mezani iliingia mfukoni. Android, mfumo wa Google uliotoka katika simu ya kwanza mwaka 2008, umejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa hiyo mtu wa Bonga anayeshika Tecno ashika programu huria kila siku, naye hana habari. Vivyo hivyo takwimu za zahanati zetu, zile za MTUHA, hukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa pia na wataalamu wa Dar es Salaam. Wakenya waliunda Ushahidi mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, na jina lake la Kiswahili likatumika katika nchi nyingi. Programu huria imeshinda, basi? Nusu. Kiini cha simu ki wazi, lakini juu yake kampuni zimeweka tabaka zilizofungwa: duka la programu, huduma za akaunti, kufuli ya kuzuia mfumo usibadilishwe. Hata betri, ambayo zamani ilitolewa kwa ukucha, sasa imegandishwa kwa gundi. Mbegu ni ya akiba, lakini ghala limefungwa na funguo ziko ng'ambo.

Mtu aweza kunipinga kwamba mwananchi hataki kuufungua mfumo wa simu, bali ataka kupiga, kutuma fedha na kumwona mjukuu wake aliye mbali. Pingamizi hii ina haki. Mwenye redio ya National naye hakutaka kuifungua. Alitaka tu awepo fundi wa karibu awezaye, ili chombo kikifa asinunue kingine. Uhuru wa chombo haukuwa katika mikono ya kila mtu. Ulikuwa katika mikono ya mtu mmoja aliyekaa umbali wa kutembea kwa miguu. Fundi huyo bado yupo, amekaa kwenye meza ndogo yenye kioo, katika miji yote ya barabara kuu. Hubadili vioo na matundu ya chaji. Akipelekewa simu iliyofungwa kwa kufuli ya kampuni, huirudisha.

Kutokana na haya wanafunzi wetu wana kazi mbili. Ya kwanza ni kuyaandika maoni ya watu kabla hayajapotea: majina waliyovipa vyombo, sababu walizozisifu kampuni, namna walivyovitengeneza. Hayo ni maktaba ya ufundi na ya lugha kwa pamoja, na katika nchi kama Babati, penye jamaa nyingi za lugha, yatatuonyesha Kiswahili kikifanya kazi yake nzito kuliko zote. Ya pili ni kuirudia kazi ya 2004 kwa kuanzia upande ule uliosahauliwa: kukaa kwanza na fundi na mteja wake, kuyasikiliza maneno wanayotumia, kisha kuyaingiza katika programu ambazo leseni zake zatupa haki hiyo bila kuomba. Mwaka 1974 tuliogopa kununua tusichoweza kukitengeneza, tukafunga mlango. Leo mlango u wazi na tumenunua karibu kila kitu. Kilichobaki ni kumfundisha fundi wa Bonga kufungua kilicho ndani, kwa lugha anayoijua.